Ndege wa Mama Alipohamia Kwenye Sweta

Mwezi Juni, ukungu wa Njombe hukaa mitaani mpaka jua lipate nguvu, na kila anayejua kushika sindano hukumbukwa na ndugu zake. Ndivyo mwandishi wa makala haya alivyogongewa mlango mwaka huu na binti wa dada yake mkubwa. Mimba ya binti ilikuwa na miezi saba. Kapu lake lilikuwa na mabonge manne ya uzi mweupe, gramu 50 kila bonge, na mkononi alishika simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea jikoni kwenye moto."

Kwenye simu kulikuwa na ruwaza ya koti la mtoto mchanga, la kroshia. Ruwaza ilidai gramu 250 za uzi, yeye alikuwa na 200, na dukani rangi ile ilikuwa imekwisha. Isitoshe, kroshia haijui. Shuleni alifundishwa sindano mbili. Alikuwa amesikia kwamba sindano mbili hula uzi kidogo, akaiomba programu ya simu imgeuzie ruwaza hiyo, na jibu lilikuja kabla hajamaliza kikombe cha chai. Penye hatua 38 za kroshia ziitwazo trebo, programu iliandika vitanzi 38 vya sindano mbili. Penye mistari 23, iliandika mistari 23.

"Imeshageuzwa," alisema. "Nianze tu?"

Mwandishi alichukua penseli. Kwa uzi wa unene ule, mkono wake hutoa vitanzi 22 na mistari 28 katika mraba wa sentimita 10. Vitanzi 38 vingempa upana wa sentimita 17 na kidogo, wakati mgongo wa koti ulitakiwa uwe na 24. Mistari 23 ingempa urefu wa sentimita 8, wakati ruwaza ilitaka 26. Mgongo mzima wa koti la mtoto ungetoka mdogo kuliko leso ya mfukoni.

Kosa hilo mwandishi alilitambua mara moja, kwa kuwa alilifanya mwenyewe miaka arobaini iliyopita, bila simu.

Pengine lugha yenyewe ina sehemu katika kosa hili. Kiswahili kimezipa kazi zote mbili kitenzi kimoja: kufuma. Anayefuma vitambaa vya makochi kwa kroshia na anayefuma sweta kwa sindano mbili huitwa wafumaji, hununua uzi duka moja, na wote huvuta kitanzi kupitia ndani ya kitanzi. Tofauti iko katika idadi ya vitanzi vilivyo hai. Mwenye kroshia, sindano yake moja ikiwa na ndoano nchani, hubaki na kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Kila hatua huifunga kabla ya kwenda nyingine. Mwenye sindano mbili hubeba mstari mzima wa vitanzi vilivyo wazi, kila kimoja kikisubiri zamu yake. Kroshia ikichomoka, mfumaji hupoteza kitanzi kimoja. Sindano ikichomoka, vitanzi mia moja vinaweza kuanza kuteremka kama ngazi.

Kutokana na hilo hufuata mengine yote: unene wa kitambaa, mnyumbuko wake, umbo la kila kitanzi, hata uzito wa uzi unaoliwa.

Somo la kwanza la mwandishi lilikuja mwaka 1984, sebuleni kwa mama yake. Kila mgongo wa kiti ulikuwa na kitambaa, stuli ilikuwa na chake, na redio ilikuwa na chake chenye ukingo ulioning'inia mpaka karibu na vitufe. Mama alifuma kwa uzi mweupe wa pamba, na alichopenda zaidi ni picha za vyumba: miraba midogo, mingine imejazwa trebo, mingine imeachwa wazi, mpaka ile iliyojazwa itoe ua, jogoo au kikombe. Kitambaa cha kochi kubwa kilikuwa na ndege aliyetua juu ya tawi, vyumba 28 kwa upana na 28 kwa urefu.

Mwandishi alikuwa na miaka kumi na minne na alitaka ndege yule akae kifuani mwa sweta yake. Wazo lilikuwa sahihi. Chumba kilichojazwa kingekuwa kitanzi cha nyuma, kile chenye kinundu. Chumba kilichoachwa wazi kingekuwa kitanzi cha mbele, kilicho laini. Alihesabu vyumba vya mama yake kimoja kimoja kwa taa ya chemli na kuvihamisha vyote bila kukosea hata kimoja. Baada ya wiki mbili ndege alikuwepo, lakini amebonyea: upana wake karibu sentimita 13, urefu 10. Shingo ilikuwa imezama mabegani na mkia umelala juu ya tawi.

Mama hakumkemea. Alikitandaza kitambaa chake juu ya sweta, akapima kwa kidole.

"Mwanangu, umehesabu vizuri," alisema. "Ila chumba chako ni kifupi kuliko changu."

Hapo ndipo mwandishi alipojua kwamba kitanzi kina umbo. Chumba cha kroshia cha mama yake kilikuwa mraba. Kitanzi cha sindano mbili ni kipana kuliko urefu wake. Ndiyo sababu katika sentimita 10 huingia 22 kwa upana na 28 kwa kwenda juu. Picha iliyochorwa kwenye miraba ikihamia huko hubaki na robo tatu na ushee ya kimo chake, kama asilimia 79. Dawa aliyoitoa mama ilikuwa rahisi: katika kila mistari minne ya picha, mmoja urudiwe. Mistari 28 ikawa 35, na ndege akapata shingo yake.

Mama hakuwa amesoma uwiano popote. Aliuona kwa kidole.

Mwaka 1993 mwandishi alipata kazi katika karakana ya masweta mjini Iringa. Kulikuwa na mashine tatu za kusukuma kwa mkono: safu ndefu ya sindano zenye ndoano, kila kitanzi na sindano yake, na juu yake kichwa kinachosukumwa kulia na kushoto. Kila msukumo mmoja huzaa mstari mmoja. Kazi kubwa ilikuwa sweta za shule, maana nyanda za juu kusini mtoto haendi darasani mwezi Julai akiwa na shati tupu.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alileta sweta aliyoifuma mwenyewe kwa kroshia. Alitaka sitini za namna ile kwa ajili ya kwaya. Mwenye karakana alikubali oda papo hapo, kisha akamkabidhi mwandishi sampuli.

Mashine za karakana hazikuweza kufuma kroshia. Si za karakana ile tu. Mashine ya kufumia soksi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, na tangu hapo kazi ya sindano mbili imekuwa ikifanywa pia na mashine kwa zaidi ya miaka mia nne. Kroshia halisi mpaka leo hutoka mkononi mwa mtu, kwa sababu ndoano lazima irudi kutafuta tundu lake katika kitambaa kilichokwisha kufumwa, kisha ifunge kila hatua peke yake. Kwa hiyo mtu akitaka kroshia sitini kwa bei ya karakana, kilicho mbele yake si kunakili. Ni kubuni upya.

Mwandishi alianza na mikono. Sampuli iliongeza trebo moja kila upande kila baada ya mistari mitatu, mara nane. Safari hii alijua kwamba idadi ya vitanzi hubadilika, lakini aliiacha mistari kama ilivyo. Mkono wa kwanza ulipotoka kwenye mashine ulikuwa umepanuka wote ndani ya sentimita 7, kisha ukaendelea sawasawa mpaka kwapani. Ulifanana na faneli ya kumiminia mafuta ya taa.

Fundi mzee aliyekaa mashine ya pembeni alimpa futi ya kitambaa badala ya maelezo. "Sahau trebo zake," alisema. "Mkono wa mtoto una sentimita ngapi?"

Walipima sampuli. Kifundoni sentimita 18, kwapani 28, urefu 30. Vipimo hivyo vitatu havikuwa vya kroshia wala vya mashine. Vilikuwa vya mtoto. Mashine yao ilitoa vitanzi 24 na mistari 34 katika sentimita 10. Tofauti ya sentimita 10 ilikuwa vitanzi 24, yaani 12 kila upande. Urefu wa sentimita 30 ulikuwa mistari 102. Kuongeza mara 12 ndani ya mistari 102 ni kila baada ya mistari minane, na mistari sita ya mwisho inapanda bila kuongeza. Mkono uliofuata ulitoka kama mkono.

Oda ile ilimfundisha pia kuuliza kila kitu kwenye sampuli kimewekwa kwa kazi gani. Shingo ilikuwa na mpasuo na kifungo. Kroshia hainyumbuki sana, na bila mpasuo kichwa kisingepita. Mashine ingeweza kutengeneza shingo ya mistari ya wima, kitanzi cha mbele kikipokezana na cha nyuma, ambayo hutanuka kichwa kikipita kisha hurudi. Kifungo kiliondolewa, pamoja na kazi ya kushona vifungo sitini. Kwa upande mwingine, kingo za sampuli zilitulia zenyewe, wakati kitambaa laini cha sindano mbili hujikunja pembeni kikiachwa hivihivi. Ikabidi chini na kwenye vifundo kuongezwe mistari hiyohiyo ya wima. Kifungo kikatoka, ukingo ukaingia.

Kisha likaja la uzi. Sampuli ilikuwa na gramu 310. Sweta ya mashine ya kipimo kilekile, kwa uzi uleule, ilikuwa na gramu 235. Wafumaji husema kroshia hula uzi zaidi kwa kama theluthi moja, na mizani ya karakana ilikubaliana nao. Trebo huzungushiwa uzi, huvutwa, hufungwa mara mbili. Kila hatua inajikunja juu ya nafsi yake. Ndiyo maana kitambaa cha kroshia ni kinene na hukaa wima, na ndiyo maana kitambaa cha sindano mbili huanguka mwilini. Mwenye karakana alikuwa ameagiza uzi kwa kupiga hesabu ya uzito wa sampuli mara sitini. Uzi uliobaki ulitosha kofia za kwaya nzima.

Kwaya iliimba na kofia.

Mwaka 2001, mwandishi akiwa amehamia Dar es Salaam, ambako sweta haina soko na watu hutaka blauzi nyepesi, jirani alimletea gazeti la mitindo kutoka Marekani. Ndani yake kulikuwa na blauzi ya kroshia yenye mistari 54 ya hatua iitwayo dabo. Mwandishi alikuwa amejifunza majina ya hatua kwa mama yake, na mama aliyapata kwa watawa wa misheni, kwa mtindo wa Uingereza. Alifuma kipande cha majaribio kwa dabo aliyoijua, akapata mistari 18 katika sentimita 10, akakata shauri kwamba blauzi ina urefu wa sentimita 30. Akaihamishia kwenye sindano mbili kwa kipimo hicho. Jirani alipoivaa, iliishia juu ya kitovu.

Ruwaza haikuwa na kosa. Hatua ambayo Waingereza huiita dabo, Wamarekani huiita singo. Na ile ambayo Wamarekani huiita dabo, kwa Waingereza ni trebo, karibu mara mbili kwa kimo. Jina ni lilelile, kitanzi ni kingine. Mistari 54 ya dabo ya Marekani, kwa mistari tisa katika sentimita 10, ni sentimita 60.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa ukurasa huohuo: urefu wa blauzi, inchi 23 na nusu. Alikuwa ameuruka mstari ule kwa sababu ya inchi. Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma hatua yoyote ya ruwaza, huanza na vipimo vya vazi lililokamilika na kuviandika upya kwa sentimita kwenye daftari. Majina ya hatua husoma mwisho.

Mambo mengine hayahamishiki, na kulijua hilo kulimchukua muda mrefu zaidi.

Miaka michache baada ya mama kufariki, ndugu mmoja alileta kitambaa chake cha meza, cha duara, chenye mananasi yaliyopangwa kuzunguka ukingo. Wanaofuma kroshia huyajua mananasi hayo: kipepeo kipana cha trebo nyingi zilizochomekwa tundu moja, kisha vitao vya cheni vinavyopungua safu hadi safu mpaka ncha. Ndugu alitaka shali ya aina ileile, laini zaidi, ya kumfunikia mtoto wa ubatizo. Aliitaka kwa sindano mbili.

Duara lilipata njia. Kwenye kroshia ya trebo, duara huanza na hatua 12 na kila mzunguko huongezewa 12 nyingine. Mfumaji Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1974 njia ya sindano iliyotokana na hesabu ya mduara: mzingo huongezeka mara mbili pale nusu kipenyo kinapoongezeka mara mbili. Unaanza na vitanzi 9, unavifanya 18, unafuma mizunguko 3 bila kuongeza. Unavifanya 36, unafuma 6. Unavifanya 72, unafuma 12. Unavifanya 144, unafuma 24. Katikati ya maongezeko hayo hakuna kuhesabu kitu. Mwandishi alipoijaribu, shali ilitandaa bapa juu ya meza bila kupinda popote.

Mananasi yaligoma. Kwa sindano mbili, kila kitanzi husimama juu ya kitanzi kilicho chini yake. Hakiwezi kurushwa hewani kama cheni na kuja kutua mbali. Kuna matundu, bila shaka: unazungusha uzi juu ya sindano, kisha unafuma vitanzi viwili pamoja ili idadi ibaki ileile. Kwa njia hiyo wafumaji wa visiwa vya Shetland walifuma shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa. Lakini mananasi aliyoyatoa mwandishi kwa matundu hayo yalikuwa majani. Yalikuwa mazuri, ila hayakuwa ya mama. Aliyafumua mara tatu. Mwishowe aliacha duara la sindano mbili katikati, akachukua sindano ya kroshia ya mama, na kufuma mananasi yenyewe kuzunguka ukingo, kama yalivyokuwa.

Baadaye alisoma habari ya Daina Taimina, mwanahisabati aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell, na akaona kwamba wengine wameligonga jambo hilohilo kutokea upande wa pili. Mwaka 1997 Taimina alitaka kutengeneza, kwa ajili ya wanafunzi wake, uso wa hisabati unaoongezeka kwa kasi kila unapotoka katikati, ukajikunja kama jani la mboga. Alijaribu sindano mbili. Vitanzi vilizidi nafasi ya sindano. Akahamia kroshia, ambayo humdai mfumaji kitanzi kimoja tu mkononi hata kama mzunguko una maelfu, na kazi ikawezekana.

Kroshia nayo ilikua kwa kuhama. Katika karne ya 19, Eléonore Riego de la Branchardière alichapisha Uingereza vitabu vya ruwaza vilivyoichukua sura ya lesi ya Venice, iliyokuwa ikishonwa kwa sindano ya kawaida, na kuiweka kwenye ndoano. Ireland ilipopigwa na njaa kuu kuanzia mwaka 1845, wanawake wengi walifuma lesi ya namna hiyo kwa ajili ya kuuza, wakanunua chakula. Lesi ya Ireland haikuiga mishono ya Venice mmoja mmoja. Ilibakiza maua, majani na sura ya jumla, na ndoano ikatafuta njia yake ya kuyafikia.

Mambo hayo yote yalikuwa mezani siku mpwa wake alipouliza kama aanze tu.

"Weka simu," mwandishi alimwambia. "Anza na kipande."

Mpwa alifuma kipande cha sentimita 15 kila upande. Walikifua kwa maji ya vuguvugu, wakakitandaza kwenye taulo karibu na jiko, na kesho yake wakakipima katikati, mbali na kingo. Mwandishi alikuwa na hakika ya 22 na 28. Kipande kilisema 20 na 26. Mkono wa mpwa ni mwepesi kuliko wake, huacha kitanzi kipumue. Namba iliyohitajika haikuwa kwenye ruwaza wala kwenye simu, na hata mama mdogo asingeweza kumpa; ilikuwa katika vidole vyake mwenyewe. Upana wa sentimita 24 ukawa vitanzi 48. Urefu wa sentimita 26 ukawa mistari 68, sita ya kwanza ikifumwa kwa vitanzi vya mbele kwenda na kurudi, ili ukingo usijikunje. Kwa theluthi ile ya uzi, gramu 200 zingetosha.

Koti la kwenye simu lilikuwa na ukingo wa magamba shingoni, trebo tano ndani ya kila tundu. Waliamua ubaki wa kroshia. Mwandishi ataufuma, kwa sindano ileile ya chuma iliyolika mahali kidole gumba cha mama kilipokaa.

Mpwa ameyaandika yote kwenye daftari la shule, katika safu nne. Ya kwanza ni sentimita: mgongo, mkono, shingo. Ya pili ni hesabu ya kroshia kama ilivyokuja. Ya tatu ni hesabu ya mkono wake. Ya nne ameipigia mstari na kuiacha tupu, kwa sababu dada yake aliyeko Makete ameshaomba koti kama lile, naye bado hajafuma kipande.